Kaseti Mia Tatu za Marhoun

Siku Marhoun alipoleta kaseti zake nyumbani, gari la maji la serikali lilisimama mlangoni petu hapa Ibra na majirani wakatoka wakidhani bomba la mtaa limekauka. Kumbe ni katoni sita, kaseti mia tatu. Marhoun ni ndugu yangu, mdogo wangu kwa miaka saba, dereva wa gari lile. Mwaka ulikuwa 1984. Mimi nilikuwa nina miaka minne ya ujane, sina mtoto, naye hakuwa na mke. Alikuwa na gitaa.

"Fungua, dada, uone," akaniambia.

Nikafungua. Juu ya kila kaseti palikuwa na picha yake, amesimama kando ya gari la maji, dishdasha nyeupe, kanzu ya huku, imepigwa pasi vizuri, na kichwani kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Chini pameandikwa: Vumbi la Tabora.

"Kilemba chako kiko wapi?"

"Dada, mwimbaji wa kantri havai kilemba."

"Na dishdasha anavaa?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu tuje Oman.

Sisi tumezaliwa Tabora, duka la baba lilikuwa karibu na stesheni. Mzungu mmoja wa reli alipohamishwa alimwachia baba santuri zake, na Marhoun akakulia humo: watu wanaimba polepole, kwa pua kidogo, habari za treni, za ng'ombe, za mtu aliyeacha kwao. Alipokuwa mkubwa akawa anazitunga za kwake kwa Kiswahili. Miaka kumi na miwili tuliyokaa Ibra aliimba uani peke yake. Mwisho akachukua likizo, akenda mji wa Ruwi kwa Mhindi mmoja mwenye studio, siku nne wakatazamana kwa kioo, akarudi na nyimbo kumi na mbili.

Mimi muziki sisikilizi. Tangu marehemu Nadhir, mume wangu, aondoke, nilijiwekea ahadi na Mola wangu, na chumba changu kina msahafu na msala basi. Marhoun akishika gitaa mimi hufunga mlango nikasoma kwa sauti. Hatukugombana kwa hilo hata siku moja. Lakini liko jambo nalisema kwa sababu kulificha ni uongo: nilipoziona zile katoni sita, usiku nikaomba dua zisinunuliwe. Niliogopa ataitwa huku na huku, maharusini, mahotelini, nami nitampoteza.

Zikapelekwa dukani kwa Azzan, sokoni. Azzan ni mtu mzuri, akaziweka mbele. Waarabu wa mjini walisikiliza kidogo wakauliza, "Anasema nini huyu?" Watu wa Unguja, waliozoea taarabu, wakageuza kaseti mbele na nyuma. "Fidla iko wapi? Huyu kaimba peke yake, wenziwe walimkimbia?" Na sisi wa bara, ambao ndio tungezinunua, tulifanya kubwa zaidi. Gitaa la polepole na Kiswahili pamoja tuliwahi kuvisikia mahali pamoja tu, ukipita nje ya misheni Jumapili. Mzee mmoja akasimama mlangoni kwa Azzan dakika mbili, akasema, "Astaghfirullah, mtoto wa watu ameanza kuimba kanisani!" Akenda zake, na neno likaenda naye.

Baada ya miezi mitatu zilikuwa zimetoka kumi na moja, nne katika hizo zimenunuliwa na madereva wenziwe. Azzan akazirudisha mwenyewe, na haya usoni.

"Wallahi, sauti unayo, ndugu yangu. Lakini watu wanataka kuinuliwa. Wewe unawalaza."

"Si neno," Marhoun akasema. Akazibeba mpaka stoo, akazipanga juu ya madebe ya tende, akafunga mlango.

Dua yangu ikawa imejibiwa. Nilimtazama akila wali wake, siku baada ya siku, sahani anaiacha nusu. Gitaa likaning'inia ukutani kama ngozi ya mbuzi. Akipita uani hapigi hata mluzi. Nikawa nakaa kwenye msala baada ya swala sijui niombe nini tena, maana nilichoomba nilipewa.

Halafu siku moja, baada ya Laasiri, akaniambia: "Kuna jamaa yangu Mombasa, anapiga gitaa hotelini. Wazungu wanaipenda kantri. Ananiita. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, Jumamosi naipeleka. Naondoka Alhamisi ya wiki ya pili."

"Hotelini panauzwa pombe."

"Naenda kuimba, siendi kunywa."

"Mungu akusahilishie," nikasema. Nilitaka kusema: na mimi je, utaniachia nani? Lakini mtu mzima wa miaka thelathini na tisa humfungi kamba mguuni. Nikaingia chumbani.

Sasa nieleze mambo ya kaseti, maana hapa ndipo nilipokosea.

Kwetu sisi tuliotoka Afrika, barua nyingi hatuandiki. Wengi wa kinamama hawakusoma, na walioko kule vilevile. Mtu hukaa mbele ya rekoda akasema salamu zake, nani kafa, nani kazaa, nani bado hajalipa mahari, kisha msafiri akapewa kaseti, ikafika Ujiji au Tabora au Unguja. Huko nao husikiliza, wakajibu, ikarudi. Wanawake wa mtaa wetu huja kusemea kwangu, kwa sababu nyumba yangu haina kelele, na lililosemwa chumbani kwangu halitoki mlangoni. Nami huwashikia vifungo vya rekoda.

Basi tangu kabla ya habari za Mombasa kaseti tupu zilikuwa zimeadimika sokoni, na mimi nina katoni sita stoo zinaliwa na joto. Kaseti ya nyimbo huwa ina vijitundu viwili mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Ukiviziba kwa karatasi na gundi, inakubali. Nikaziba. Ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilijiambia ni thawabu: kilichokuwa upuuzi nimekigeuza kuwa kuunga udugu. Sikumwambia Marhoun. Alikuwa hafungui stoo.

Ikabaki siku tatu Alhamisi ile ifike. Marhoun amekaa barazani anafunga sanduku. Akaingia jirani yetu Bi Khole, mkono mmoja kaseti, mkono mmoja sahani ya vitumbua.

"Shikamoo, Bi Khole," Marhoun akasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye ninayekutaka. Dada yangu Ujiji anakusalimia sana. Anasema ahsante kwa nyimbo."

"Nyimbo gani?"

"Zile ulizoniimbia kwenye barua yangu! Nikimaliza mimi kusema, unaingia wewe. Wanakusikiliza nyumba nzima. Ila amenitukana, dada yangu yule. Anasema, 'Khole, nyamaza mapema siku nyingine, umemkata mwenzako katikati, hata hatujui mwanzo wake ulikuwaje.' Mimi! Nimesema habari za figo zangu dakika kumi tu!"

Marhoun akanitazama. Bi Khole naye akanitazama, akaona uso wangu, akaweka sahani chini. "Mimi nilijua mmepatana," akasema, akatoka upesi kuliko alivyoingia.

"Za stoo?" Marhoun akauliza.

"Za stoo."

"Ngapi?"

"Thelathini. Labda arubaini."

"Ulianzia wapi kurekodi?"

"Mwanzo. Upande wa kwanza, mwanzo. Wapi tena?"

Nilidhani atapiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alishusha mikono juu ya sanduku, akasema kwa sauti ndogo, "Wa kwanza ndio wimbo wa mama. Umemfuta mama, dada. Mara arubaini."

Nikaifunika sahani ya vitumbua.

"Hukuwahi kusikiliza hata mmoja?"

"Unajua mimi sisikilizi."

"Najua," akasema. Akavaa viatu, akatoka. Nikasikia gari likiwaka.

Nilikaa pale mpaka vitumbua vikapoa. Kisha nikaenda stoo, nikachukua kaseti nzima, ambayo sijaitia karatasi. Nikamwambia Mola wangu, leo nakuomba radhi kabla, nitakuomba na baada. Nikabonyeza.

Gitaa likaanza taratibu, kisha sauti ya ndugu yangu, na neno la kwanza kabisa alilotamka lilikuwa jina: Nyamizi.

Msomaji hajui jina hilo lina uzito gani hapa. Baba yetu ni mtu wa Ibra, ukoo wake unajulikana mpaka kisimani. Mama yetu alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, Nyamizi binti Kasanda. Hapa mtu hupimwa pande zote mbili. Wanawake wakiniuliza, "Mama yako bint nani?" mimi husema, "Alifia huko huko, Mungu amrehemu," nikawamiminia kahawa nyingine. Miaka kumi na miwili nimemimina kahawa. Na huyu mdogo wangu amemweka mwanzo kabisa, upande wa kwanza, kila mwenye rekoda asikie.

Wimbo ulisema hivi: Nyamizi mama, amesimama stesheni na kanga nyekundu. Mtoto yuko dirishani, anapelekwa Kigoma kwa ami yake. Treni inaondoka, vumbi linainuka, kanga inapungua mpaka inakuwa kama ua moja jekundu, na mtoto hakumwona tena mama yake maisha.

Nikaurudisha mwanzo. Nikausikiliza tena. Siyo kwa utamu wake. Kwa sababu ulikuwa na kosa.

Marhoun alirudi baada ya Magharibi. Akala au hakula, sikumbuki. Nikamkalia mbele.

"Nimeusikiliza."

Akainua kichwa.

"Makosa yangu nimeyaona, na nakuomba msamaha. Nilikuwa nimekuombea dua mbaya pia, na hilo nakuomba msamaha. Lakini wimbo wako si kweli, Marhoun."

"Si kweli vipi?"

"Mama hakuja stesheni."

"Nilimwona kwa macho yangu!"

"Ulikuwa na miaka mitano. Mama siku ile alikuwa hawezi hata kukaa, ana homa ya wiki mbili. Ndio maana baba akataka upelekwe Kigoma, usije ukaona. Mama, pale alipolala, akaniambia nivue gauni langu nivae kanga yake, akasema, 'Jifunike kichwa, Ghaniya, usimame mbali, mtoto asiondoke akilia.' Nikaenda. Nilikuwa mrefu kwa miaka yangu kumi na miwili. Nilisimama karibu na tangi la maji nikapunga mkono."

Adhana ya Isha ikatoka, ikaisha.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikikuimba wewe."

"Na ulikuwa hulii kwa ajili yangu wala yake. Ulikuwa unalilia kipande cha muwa, ami aliyekuja kukuchukua alikuwa amekukatalia."

Akatoa sauti, nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, kisha kikawa kilio, kisha sijui kilikuwa nini. Nikamwachia afanye alichotaka.

"Mama alikuuliza?" akasema mwisho. "Uliporudi?"

"Aliuliza tu, 'Alipunga?' Nikamwambia ulipunga. Ni uongo ule, na mpaka leo sijautubia."

Tukaswali, yeye msikitini, mimi chumbani. Aliporudi akakaa tena pale pale.

"Siwezi kwenda kuuimba Mombasa hivi," akasema.

"Wazungu watajuaje?"

"Mimi najua."

"Basi utunge upya."

"Nitatungaje, dada? Mimi simjui. Nina ile kanga tu, na ile kanga ulikuwa wewe."

Hapo nikaelewa kwamba huyu mtu alikuwa amesafiri na mama mmoja wa dakika moja maisha yake yote, na mimi ninaye mzima, wa miaka kumi na miwili, nimemfungia kama tende kwenye debe. Sikumwambia abaki. Nilimwambia, "Kesho baada ya Laasiri, njoo na daftari."

Akaja. Keshokutwa akaja tena. Nikamwambia alivyokuwa akitembea, mguu wa kushoto ukiburura kidogo. Alivyomjibu baba kwa Kinyamwezi akikasirika ili baba asifahamu. Alivyochoma karanga mchangani. Marhoun anaandika, anafuta, ananiuliza. Alhamisi ikafika sanduku likiwa barazani. Ijumaa nikalifungua nikatoa nguo zake kuzifua, naye akaniona, akaniletea ndoo. Barua ya kuacha kazi alikwenda kwa mkubwa wake kuomba arudishiwe, kumbe yule bwana alikuwa hajaifungua hata bahasha. Mombasa, nasikia, walipata mtu mwingine.

Kaseti hazikuuzika tena hata moja. Kinamama bado wanakuja kusemea kwangu, na Marhoun mwenyewe ndiye anayeziba vijitundu siku hizi, tena huwakemea. "Bi Khole, dakika tano. Figo zako zote mbili ziingie dakika tano."

Na juzi Bi Mabruka wa nyumba ya kisimani, mtu wa ukoo mkubwa, alikuwa anakunywa kahawa kwangu akaniuliza, kama wanavyouliza, mama yangu bint nani. Birika lilikuwa mkononi. Nikaliweka chini.

"Nyamizi binti Kasanda," nikasema. "Wa Urambo."

Akasema, "Mashallah." Kutoka uani Marhoun akaita, na daftari lake:

"Dada! Alikuwa akiimba?"

"Akitwanga," nikamjibu. "Sauti mbaya kabisa! Jogoo wa jirani alikuwa akimjibu."

"Akiimba nini?"

Bi Mabruka alikuwa ananitazama, kikombe kimesimama hewani. Nikafikiri kidogo. Kisha nikamwimbia ndugu yangu ule wimbo wa kutwangia, polepole, maneno yake yote, ili awahi kuandika.