Pumzi ya Idarousse

Katika karakana moja ya Moroni, enzi mamluki wa Kizungu walipovitawala visiwa, kazi ya Idarousse ilikuwa kutia kichocheo, dawa ya kugandisha, kwenye gundi ya boti za faiba. Alitia matone machache, akakoroga upesi, maana gundi ikishaganda haina msamaha. Boti zilikuwa za mamluki wenyewe. Msimamizi wao Mzungu aliingia amevaa kinyago na glavu, akahimiza kazi, akatoka. Idarousse alikuwa na kitambaa cha kufutia macho, yaliyomwasha kutwa.

Baada ya Ramadhani kikohozi kilimkaba, na pumzi yake ikaanza kugandisha vitu. Aliupuliza uji upoe, ukawa mgumu kama kigae. Wenzake walimshauri awe anakula vya baridi. Msimamizi alipopata habari alifurahi mno, kwani kichocheo kiliagizwa mbali. Tangu hapo Idarousse alipuliza tu ndani ya ndoo za gundi.

Ikaja habari kutoka kwao Mutsamudu, kisiwa cha pili, kwamba mkewe, Zainaba, amejifungua binti. Msimamizi alimpa ruhusa ya siku moja, pamoja na askari wa kumsindikiza. Ndani ya ndege hadi uwanja wa Ouani Idarousse hakufungua kinywa. Baba ndiye humwadhinia mwanawe sikioni, naye aliogopa, aliogopa hasa, kwamba neno lake la kwanza litamuua mtoto.

Mama mkwe, Koultoumi, alimpokea na kichanga mikononi.

"Haya mwanangu, mwadhinie. Tunakungoja wewe tu."

"Mama, pumzi yangu inagandisha."

"Nimesikia."

Koultoumi alivua shiromani aliyojitanda, akaikunja na kuikunja tena, akamziba nayo mdomo. Idarousse akaadhini humo humo. Nguo ilikakamaa, sauti ikapita. Mtoto alipiga chafya, akalia kwa nguvu. Idarousse naye akalia kwa furaha, na machozi yake yalikuwa maji tu. Koultoumi aliibandua nguo, yenye umbo la mdomo, akaiweka juu ya kabati.

"Usirudi huko," Zainaba alisema kitandani.

"Nisiporudi watamchukua Assoumani."

Assoumani alikuwa mdogo wake Zainaba. Askari alikwisha kumuuliza umri pale nje.

Zainaba akamwinua mtoto. "Basi mbusu."

Askari alibisha hodi, akasema gundi inangoja. Idarousse akakaza midomo, akampungia binti yake mkono kutoka mlangoni, kama anayemuaga mtoto wa jirani.