Mashavu ya Najat

Mke wangu Bushra alipopata ujauzito wa mapacha, binti yetu Najat alikuwa na miezi tisa. Mama yangu akasema maziwa ya mjamzito humharisha mtoto, basi tukamwachisha ziwa wiki hiyohiyo.

Tangu hapo Najat alikula uji mweupe wa sembe asubuhi, na mchana ugali uliolowekwa kwenye chai. Hakuna aliyemnyima. Dagaa walikuwepo nyumbani karibu kila siku, ila tuliwala sisi wakubwa. Yeye tulimpa mchuzi tu, tukiogopa miba isimpalie.

Mapacha walipofikisha miezi miwili, Najat akaanza kunenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minono. Mimi ni seremala hapa Igoma. Siku moja nilimbeba hadi karakanani nikamwonyesha fundi mwenzangu, Malimi.

"Huyu anakula vizuri," Malimi alisema, nikafurahi.

Najat alikuwa ameacha kulia na kukimbiakimbia. Nikasema amekua, ana adabu. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu. Nikadhani ni jua.

Kashindye, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alikuja kuwaona mapacha. Alimtazama Najat aliyekuwa amekaa kimya mkekani, akamsogelea, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, kishimo kilibaki pale pale.

"Baba Najat, mtoto huyu anakula nini?"

"Anakula. Si unaona alivyonenepa?"

"Huu si unene, ni maji. Ana utapiamlo mkali. Twende hospitali sasa hivi."

Bushra alikasirika. "Kashindye, nyumba hii hatujawahi kulala njaa."

"Sijasema mna njaa, mdogo wangu."

Bushra alibaki na mapacha, mimi nikalazwa na Najat. Kila baada ya saa chache muuguzi alileta maziwa maalumu, nami nikamnywesha kwa kijiko. Maji yalipoanza kumtoka mwilini, mashavu yalinywea. Nikaona mbavu zote. Nikaona mikono ambayo ningeweza kuizungushia vidole viwili. Huyo ndiye mtoto niliyekuwa nikiwaringishia watu.

Siku ya tatu alimaliza kikombe kizima. Nilimpigia Bushra simu, tukacheka wote wawili. Kesho yake asubuhi Najat akaanza kuhema kwa shida. Daktari alisema kifua kimeshambuliwa na mwili hauna nguvu ya kupambana. Najat alifia mapajani mwangu kabla ya adhuhuri. Tukamzika alasiri.

Sasa mapacha wana miezi saba. Kashindye alitufundisha kutwanga dagaa wakawa unga, tuuchekeche, tuutie kwenye uji pamoja na karanga zilizosagwa. Bushra alijaribu mara moja akashindwa, akauacha mchi kinuni. Basi natwanga mimi kabla ya kwenda kazini.

Juzi Bushra alikuja akasimama karibu yangu.

"Wewe ulimwona kila siku," alisema. "Na mimi nilimwona kila siku. Tulikuwa tunatazama nini?"

Alikaa chini, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia. Niliacha kutwanga nikaketi naye mpaka mapacha wakaamka.