Digna na Ndege wa Masagati

Agnella alipoanza kazi ya usaidizi wa fiziotherapia pale Ifakara, alipewa jukumu la kuwafuata vijijini watoto wenye utindio wa ubongo. Alipanda treni mpaka Mlimba, kisha bodaboda hadi Masagati, akafika vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Huko ndiko alikomkuta Digna, mtoto wa miaka saba, amelala mkekani, miguu imekaza na kupishana kama mkasi. Hakuwahi kusimama. Hakuwa na neno hata moja.

Mama yake, Eveline, alifundishwa mazoezi akayashika vizuri. Kisha akasema, "Dada, sitakudanganya. Mpunga umeanza kuweka maziwa. Nikikaa hapa kumnyoosha miguu, ndege watamaliza shamba."

Agnella akaomba apelekwe shambani, Eveline akambeba Digna mgongoni.

Katikati ya mpunga kulikuwa na kichuguu cha zamani, kimemomonyoka kwa mvua. Agnella alikiangalia, akaomba jembe. Wakachimba shimo juu yake, wakalizungushia nyasi kavu, wakamshusha Digna taratibu. Udongo ukamshika magoti, nyasi zikamshika kiuno. Akasimama. Eveline alikaa karibu, mikono tayari kumdaka, lakini mtoto hakuanguka. Aligeuza kichwa polepole, akatazama shamba lote mpaka milimani.

Mara kundi la kwelea likatua. Eveline alikuwa bado anatafuta debe la kugonga wakati sauti kubwa, ya kukwaruza, ilipotoka shimoni. Ndege wakainuka wote kwa pamoja. Digna akacheka mpaka mate yakamtiririka.

Msimu ule aliamia ndege, akiwafukuza kwa sauti yake, kila siku, huku amesimama. Jirani yao, mzee Silvano, akaja kuomba, "Mama Digna, nichimbe shimo na kwangu?" Kabla ya mavuno ile sauti ilikuwa imegeuka neno: "Toka!" Neno la pili lilikuwa "mama". Eveline hakulalamika kuwa wa pili.

Sasa Digna ni mwanamke mzima. Juzi mama yake alimleta Ifakara kwa kiti cha magurudumu, nyonga zinamuuma. Agnella, ambaye naye siku hizi hainuki chini bila kushika ukuta, alipiga magoti akaanza kumkunja goti.

"Shikamoo, anti," Digna alisema, akivuta kila silabi.

"Marahaba, mwanangu. Kichuguu chetu hakijambo?"

"Kilisawazishwa," Eveline alijibu. "Trekta zilikuwa hazipiti. Nilitaka kukataa, lakini nyonga zilishakaza, alikuwa hasimami tena."

Agnella alikumbuka harufu ya mpunga mbichi, na mgongo wake wa wakati ule, ambao haukujua kuchoka. Watoto wengi walipita mikononi mwake tangu hapo, wachache walitembea. Digna hakuwa mmoja wao.

"Uliumia moyo walipokibomoa?" alimuuliza.

"Kidogo," Digna alisema. "Nilikuwa naona mbali."

"Ulikuwa unaona mbali sana."

"Wewe ulikuwa mwembamba."

Eveline alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Agnella naye alicheka, kisha akalishika lile goti upya, kwa upole zaidi.

"Haya, pumua," alisema. "Tunakunja tena."