Tovuti Iliyomzika Dufie

Jumanne asubuhi simu ya Dufie Konadu ililia kwa mara ya kwanza tangu tovuti yake ifunguliwe, na moyo ukamruka. Akakohoa kidogo kusafisha koo, akapokea kwa ile sauti ya taratibu aliyokuwa akiifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Karibu. Unaongea na Dufie."

Upande wa pili mtu alikuwa analia. Kilio kikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa.

"Dufie yupi?" sauti ya kike ikauliza.

"Dufie Konadu, mshauri wa maisha, hapa Asokwa, Kumasi. Nani mwenzangu?"

"Yesu wangu!" Simu ikakatwa.

Dufie aliirudisha simu mezani. Akajiambia kwamba watu wenye mzigo mzito huogopa mwanzoni, atapiga tena. Akaketi kwenye kimoja cha viti viwili vya chumba chake cha kazi, akasubiri. Simu haikulia tena.

Alihitaji wateja, na aliwahitaji kabla ya Ijumaa. Kwa miaka mingi alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na huko ndiko alikogundua kipaji chake. Wasichana walikuwa wakija jikoni kwake na vikombe vya maziwa ya unga, wanakaa juu ya magunia, wanazungumza. Dufie hakuwa mtu wa kutoa hotuba. Aliuliza swali moja, akanyamaza, akauliza jingine, na binti aliondoka akijua mwenyewe la kufanya. Alipostaafu mapema alisomea ushauri huo rasmi, akapata cheti, akapanga chumba hiki chenye dirisha linalotazama mti wa mwarobaini na duka la matairi. Mwaka ulikuwa unaelekea kuisha, na walioketi kwenye kile kiti cha pili ni wachache mno kuitwa biashara. Sasa Madam Agyapomaa, mkuu wa shule moja ya wasichana kule Mampong, alikuwa anamtaka akawe matroni tena. Nyumba ya shule ipo, chakula kipo. "Lakini nijibu Ijumaa, Dufie," alikuwa amesema. "Baada ya hapo ninampa mwingine."

Tovuti ndiyo ilikuwa karata yake ya mwisho. Kijana mmoja wa mtaa wa Adum, Owiredu, alikuwa amemtengenezea, na Jumatatu jioni akaifungua rasmi. Dufie aliiangalia kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka akaiona nzuri. Uso wake ulikuwa mkubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Ni nini cha kumshtua hapo mtu aliyezaliwa Kumasi? Nyuso kubwa ndani ya fremu za dhahabu amezipita kwenye kuta tangu alipokuwa anabebwa mgongoni.

Saa sita mchana teksi ilisimama chini ya mwarobaini. Akashuka mjomba wake, Mzee Ntiamoah, kutoka Bekwai. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi begani, na kichwani utepe mwekundu. Alipomwona Dufie mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau njia.

Dufie naye alishangaa, lakini mwili wake ulijua la kufanya. Alimshika mjomba mkono, akamkalisha, akaenda kuleta maji. Hakuleta maji ya mfuko ya kung'ata kwa meno. Aliyamimina kwenye glasi, glasi juu ya kisahani, akampa kwa mkono wa kulia. Mzee aliyapokea na kuyanywa, macho yakiwa hayamtoki mpwa wake. Kuna mambo ambayo hata hofu inayasubiri.

Glasi ilipotua, Dufie akaketi na kusema maneno ambayo kila mwenyeji wa kwao humwambia mgeni ili aseme kilichomleta: "Hapa kwetu ni shwari, Mjomba. Mwenye safari ni wewe."

"Nimekuja msibani," mzee akasema.

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Nje, kule kwenye matairi, mtu alikuwa anapiga nyundo. 

"Tena nimekuja na hasira," mzee akaendelea, sauti ikianza kupata nguvu. "Tangu lini mtu wa ukoo wetu akafa, walimwengu wakatangaziwa kwenye simu kabla mimi mkuu wa ukoo sijaambiwa? Mimi nimeoneshwa na muuza mihogo! Muuza mihogo, Dufie!"

"Mjomba, mimi sijafa."

"Hilo naliona, nina macho. Lakini ungekuwa umekufa, ungekuwa umefanya vibaya sana."

Akatoa simu yake kwenye mkunjo wa kitambaa, akaipangusa, akampa. Dufie akaiangalia tovuti yake kwa macho ya mjomba. Palikuwa na mawingu meupe na njiwa wawili wakiruka. Palikuwa na picha yake amevaa nyeusi, picha aliyoichagua mwenyewe kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote alizonazo. Ilipigwa kwenye mazishi ya binamu yake, na watu wa Kumasi hupendeza mazishini kuliko harusini. Chini yake, kwa herufi zenye mikia: *Dufie Konadu. Maisha Yaliyogusa Maisha.* Kisha historia yake, alizaliwa wapi, alisoma wapi, alihudumu wapi, yote kwa mtindo wa kitu kilichokwisha. Mwishoni, ramani ya kufika na maneno *Karibuni Nyote*.

"Mama mdogo wako ameanza kutafuta viti vya kukodi," mzee akasema. "Mbuzi nimemzuia mimi."

"Umefanya vizuri, Mjomba."

"Na hii kazi yako nimesoma hapa, 'kocha wa maisha'. Kocha? Timu yako inacheza wapi?"

Dufie alitaka kulia. Akajikuta anacheka, cheko la kutoka tumboni, na mjomba wake, baada ya kujizuia kidogo kwa ajili ya heshima ya msiba, akacheka pia mpaka utepe mwekundu ukamshukia puani.

*

Duka la Owiredu lilikuwa kwenye uchochoro wa Adum, kati ya fundi saa na mama muuza ndizi za kukaanga. Dufie alikuwa amefika pale mara mbili tu, na mara zote mbili alitazama kompyuta. Leo, alasiri ya Jumanne ileile, alitazama kuta zilizojaa mabango ya misiba. Wafu walimzunguka pande zote, wametabasamu ndani ya fremu zao za dhahabu, wengine na njiwa, wengine na ngazi inayopanda mawinguni.

"Owiredu, umekuwa ukitengeneza tovuti tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu, Mama."

"Na kabla ya hapo?"

Kijana akafuata macho yake hadi ukutani. Akayarudisha kwenye kompyuta, ambako tovuti ya Dufie ilikuwa imefunguka. Akaangalia ukuta tena. Polepole akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Mama, nisamehe. Mkono wangu umezoea."

"Mjomba wangu amekuja na nguo nyeusi."

"Wallahi?"

"Kulikuwa na mpango wa mbuzi."

Mama wa ndizi, ambaye hakuna neno la mtu lililompita, akaingiza kichwa mlangoni. "Owiredu, umemzika mtu mzima mchana kweupe? Mama, mdai jeneza lako!"

"Wewe geuza ndizi zako zinaungua!" Owiredu akamjibu, kisha akashusha sauti. "Mama, wanasema hakuna Kumasi nzima anayeliza watu kama mimi. Ukipita mbele ya bango langu lazima usimame."

"Nimeamini. Lakini mimi nataka wakisimama waje. Wakilia waje walilie kwangu."

Akakaa kwenye kigoda. Owiredu, kwa haraka ya mtu anayetaka kufuta kosa, akaanza kumwonesha mpango mpya. Njiwa wataondoka. Pale mwanzo ataweka fomu: jina, umri, umeolewa au hujaolewa, eleza tatizo lako, lilianza lini. Alikuwa ameiona kwenye tovuti nyingi za kigeni. "Mtu akifungua tu, inamrukia. Anajaza, wewe unapata kila kitu."

Dufie aliitazama ile safu ya visanduku vitupu vya fomu. Akamkumbuka mjomba wake, mzee mwenye hasira, ametoka Bekwai kuja kuzika mtu, anamkuta mzima mlangoni, na bado anaketi, anapokea glasi, anakunywa kwanza.

"Owiredu, mgeni akiingia kwa mama yako, mama yako anamuuliza nini?"

"Hamuulizi kitu. Anampa maji."

"Asipompa?"

"Ah! Mgeni ataondoka na atatusema mji mzima."

"Basi hii fomu yako inamkamata mtu mlangoni, jua bado linamchoma mgongoni, inamwambia toa shida yako hapahapa. Nani atajaza? Mimi mwenyewe nisingejaza."

 Owiredu akavuta kiti karibu na kompyuta, akafuta kila kitu mpaka kioo kikabaki cheupe. "Haya, Mama. Mimi ni mgeni. Nimefika mlangoni kwako. Nikaribishe."

Wakafanya kazi mchana ule na siku iliyofuata. Neno la kwanza lilikuwa lile lile alilomwambia mjomba: *Hapa kwetu ni shwari. Mwenye safari ni wewe.* Chini yake picha. Dufie alitaka kujipamba kwanza, lakini Owiredu alimpiga picha bila kumwambia, alipokuwa anamsimulia mama wa ndizi habari ya viti vya kukodi. Amevaa gauni la manjano la kila siku, mdomo wazi, anacheka. "Hii haifanani na maiti hata kwa bahati mbaya," Owiredu akasema, na hapo hakukuwa na ubishi.

Historia ndefu ilikatwa. Ikabaki mistari michache ya kumwezesha mgeni kujua yuko nyumbani kwa nani. Dufie alisema anachofanya: anasikiliza, anauliza, hamwamulii mtu maisha yake. Alisema na kinachotokea siku ya kwanza, kwa sababu aliwajua wasichana wa bwenini waliozunguka mlango wake kwa wiki nzima kwa kuogopa tu wasichokijua. *Utapewa maji. Utakaa upande wa dirisha. Ukitaka kunyamaza, tutanyamaza.* Aliwapigia simu watu wawili aliowahi kuwasaidia, wakakubali kusema neno, kila mmoja kwa lugha yake isiyopambwa. Mwisho kabisa kikawekwa kitufe kimoja, kikubwa, cha kijani: *Piga hodi.* Ukikibonyeza simu ya Dufie inalia.

Hapo Owiredu alionesha kwamba kazi yake anaijua. Alizipunguza uzito picha, akakuza herufi, akaifungua tovuti kwenye simu yake mwenyewe, kisha kwenye simu ya mama wa ndizi, ambayo ilikuwa kuukuu na imefungwa kwa mpira.

"Imefunguka kabla sijapumua," mama wa ndizi akaripoti. "Na bando langu halijaisha. Huyu anayecheka nani? Mbona kama namjua?"

*

Alhamisi simu ililia mara moja, na alikuwa mama mdogo, akitaka kujua kama viti virudishwe au vihifadhiwe kwa siku nyingine. Jioni Dufie alikunja nguo zake chache za kazi kama mtu wa kwenda Mampong, akazikunjua tena.

Ijumaa aliwahi. Alifagia, akafungua dirisha, akabadilisha maji ya mtungi. Bado alikuwa na kitambaa mkononi aliposikia hodi, hodi ya vidole, si ya kitufe. Mwanamke wa makamo alisimama mlangoni, pochi ameikumbatia kifuani, jasho likimtiririka shingoni.

"Nimekuja tu," akasema.

"Umefanya vizuri. Karibu ndani, dada."

Akamweka upande wa dirisha. Akaleta glasi juu ya kisahani. Mwanamke akaipokea kwa mikono miwili, na kabla haijafika mdomoni simu iliyokuwa mezani ikaanza kutetemeka. Madam Agyapomaa, kutoka Mampong.

Dufie alimtazama mgeni. Hakumjua. Anaweza kuwa mteja. Anaweza kuwa mtu anayetafuta duka la matairi. Kule Mampong kulikuwa na nyumba, chakula, na jina la cheo mlangoni. Hapa kulikuwa na mtu mmoja mwenye glasi ya maji ambayo hajainywa.

Akapokea. "Madam, asante kwa heshima uliyonipa. Jibu langu ni hapana. Nitakupigia jioni tuongee vizuri, sasa hivi nina mgeni."

Akailaza simu kifudifudi. 

Mgeni alikunywa nusu. "Umekataa kitu kwa ajili yangu?"

"Nimekikataa kwa ajili ya chumba hiki. Wewe kunywa, dada." Akangoja glasi itue. "Hapa kwetu ni shwari. Mwenye safari ni wewe."

Mwanamke akageuza uso dirishani, akautazama mwarobaini. "Jumanne nilikulilia," akasema. "Nilipiga kutoa pole kwa familia, ukapokea mwenyewe. Nusura nife mimi."

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi Birago, nina duka la dawa Bantama. Binti yangu alikuwa bwenini kwako, yeye ndiye aliyeniambia, 'Mama, nenda kwa Matroni Dufie.' Nikasema nitakwenda. Tangu Pasaka nasema nitakwenda. Halafu naona njiwa wale, naambiwa umekufa, nikakaa chini dukani kwangu nikalia mbele ya wateja. Jumatano usiku nikafungua tena kuhakikisha, nikakuta umefufuka, unacheka." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Nikajiuliza, hivi mimi nilikuwa nangoja nini?"

Dufie alikuwa na maneno mengi mdomoni, ya furaha na ya shukrani. Akayameza yote.

"Na ulikuwa unangoja nini?" akauliza, akanyamaza.

 Birago alimalizia maji yaliyobaki, akaiweka glasi juu ya kisahani taratibu, akaiachia pochi iteleze hadi sakafuni. Kisha akaanza kusimulia.