Gari Lililonyweshwa Bia

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri Nicasia Laruta alikuwa ameshapita kona ya tatu ya mteremko, na nyuma yake mikate elfu moja na mia mbili ilikuwa ikitoa mvuke ndani ya matenga. Mikate ya moto ina namna yake ya kumlewesha mtu. Harufu hujaa garini, vioo huingia ukungu, na dereva aliyeamka saa nane za usiku huanza kuota macho wazi. Huko chini La Paz haikuwapo. Wingu lilikuwa limetuama juu ya mji mzima kama maziwa kwenye bakuli, na Nicasia akajihisi anashuka polepole kuingia kwenye usingizi wa watu wengine. Aliipenda saa hiyo. Ilikuwa yake peke yake.

Kisha akakanyaga breki.

Pedali ikamtetemekea mguuni. Mtetemeko wa barabara mbovu anaujua. Huu haukuwa wa barabara. Ulikuwa wa kitu chenye uhai, tik tik tik, kama mtoto anavyopiga teke tumboni. Akakanyaga zaidi. Gari likavuta kushoto, likaikosa meza ya mama muuza uji kwa upana wa kiganja, likasimama limeutazama ukuta.

“We mama! Unaendesha umelala?”

“Naota tu, mama, silali. Nisamehe.”

“Nenda kaotee kwako!”

Nicasia akashuka, akampa mikate miwili. Mama akaipokea huku bado anatukana.

Alijua mtetemeko ule umetoka wapi, na hilo ndilo lililomuuma. Juzi Jumanne ilikuwa sikukuu ya kuinywesha ardhi, siku ambayo kila mwenye nyumba, duka au gari humwaga kinywaji chini ili Mama Ardhi naye apate chake na mwaka uwe mwema. Nicasia alishuka mteremko huohuo hadi mjini, akaingia uani nyumbani kwa Don Gualberto Iriarte, mwenye gari na mwenye tanuri la mikate kule juu. Wageni walikuwa wamekwisha kukaa. Gari likavishwa utepe wa rangi, likarushiwa maua ya njano. Wapo wenye magari wanaosubiri kwanza chuma kipoe, lakini Don Gualberto alikuwa na wageni, na bia ilikuwa baridi. Akaifungua, akamwagia gurudumu la kwanza.

Ssssss! Mvuke mweupe ukapanda.

“Kanywa!” akapiga kelele Don Gualberto. “Mama Ardhi kanywa! Alikuwa na kiu huyu!”

Watu wakapiga makofi. Akamwagia la pili, likalia vilevile, makofi yakazidi. Nicasia ndiye aliyeanza kupiga, utepe shingoni, macho yamemjaa machozi ya furaha. Aliliona gari linaelea ndani ya mvuke kana kwamba linataka kupaa. Kati ya watu wote wale hakuna aliyejiuliza kwa nini gurudumu linalia.

Alipomaliza kugawa mikate, akapanda tena El Alto, mji wa juu ya mteremko, kwa gia ndogo mpaka kwenye gereji ya Hilarión Yujra. Fundi Hilarión ni mzee mfupi mwenye majani ya koka shavuni, anayatafuna tangu asubuhi hadi jioni. Akalipiga gari jeki, akaweka mawe chini yake, akang'oa magurudumu mawili ya mbele, akaguna.

“Mmelinywesha Jumanne?”

“Ndiyo.”

“Likiwa la moto?”

Nicasia akabandua ua la njano lililonasa kwenye bampa.

“Dada, umewahi kumwona mtu akimwagia maji baridi kikaango kilichotoka motoni?”

“Nimewahi.”

“Kikaango kikawaje?”

“Kikapinda.”

“Haya.”

Akazifungua diski zote mbili za breki, akazilaza mezani juu ya gazeti. Zilikuwa na mabaka ya bluu, na ile ya kushoto ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukielekea ukingoni. Hilarión akaibana kwa kipimo chake, akakisogeza karibu na pua.

“Ishirini na mbili na nusu. Sasa soma hapa ukingoni, walichopiga mhuri wenyewe kiwandani.”

Nicasia akafuta kutu kwa kidole. “Milimita zisipungue ishirini na nne.”

“Mwaka juzi bosi wako alisema nichonge, nikachonga. Mwaka jana akasema nichonge, nikachonga. Diski siyo kucha, dada, haioti tena. Hata kabla ya hiyo bia yenu ilikuwa imebaki ngozi tu.”

“Na ukichonga leo?”

“Itanyooka. Utashuka vizuri leo, utashuka vizuri kesho, utasema Hilarión ni fundi. Siku ya tatu itakupasukia kwenye kona.”

“Mpya je?”

“Tangu dola ziadimike, muuza diski hulala na bei hii akaamka na nyingine. Mwambie bosi wako kabla hajala chakula cha mchana. Akimaliza kula itakuwa imepanda.”

Nicasia akapiga simu. Don Gualberto akasema anakuja mwenyewe, na kwamba mkaguzi wa magari atapita hapo gereji, kwa hiyo wampokee vizuri.

Mkaguzi ndiye aliyetangulia. Alikuwa mtu mdogo, nadhifu, faili kwapani, sweta ya kufumwa imechungulia chini ya koti la kazi. Akaruka gurudumu lililolala njiani.

“Hili ndilo la Iriarte?”

“Ndilo,” akasema Hilarión.

“Breki?”

“Zile pale mezani.”

Mkaguzi akatazama mezani. Akatazama gari, lililokuwa limekaa juu ya mawe bila magurudumu ya mbele. Kisha akafungua faili, akaandika, na Nicasia, aliyesimama begani kwake, akasoma: Breki, nzuri. Mkaguzi akapangusa kioo cha mbele kwa mkono wa sweta, akabandika stika ya kijani, akaikandamiza pembe zote nne kwa dole gumba, taratibu, kwa upendo kabisa.

“Safari njema,” akasema, akaondoka.

Nicasia akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu kicheko kikamkauka, akaogopa kuliko alivyoogopa alfajiri.

Don Gualberto akafika akihema, kofia mkononi. Kitu cha kwanza alichokitazama ni kioo.

“Ah, stika tunayo! Sasa, fundi, zichonge kidogo, uzirudishe, mikate ya saa kumi iteremke. Mwezi ujao nitanunua mpya.”

“Sichongi,” akasema Hilarión.

“Basi zirudishe hivyohivyo. Gari limepita ukaguzi.”

“Stika haikanyagwi, bosi,” akasema Nicasia.

Don Gualberto akageuka. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Ndiye aliyempa usukani wakati madereva wote walipocheka kwamba mwanamke wa sketi pana atapanda vipi garini. Ndiye aliyemsimamia ubatizo binti wa Nicasia, Zulma, akamnunulia na viatu vyeupe.

“Nicasia, unga umepanda mara tatu tangu Krismasi. Maduka ya chini nikiyakosa siku moja tu, kesho yananunua kwa mwingine. Unafikiri napenda?” Sauti yake ikalainika. “Mimi ni baba wa ubatizo wa Zulma. Naweza kukutakia mabaya? Mama Ardhi alikunywa, wewe mwenyewe ulisikia. Atatulinda.”

“Najua hunitakii mabaya. Basi panda nami. Kaa hapa mbele tushuke pamoja.”

Don Gualberto akaivaa kofia yake. Akatazama nje ya lango, pale ardhi inapokatika na wingu linapoanza.

“Mimi nitashuka na gari la kamba, lile la angani,” akasema hatimaye. “Kwa haya magoti yangu.”

“Garini utakaa tu, bosi. Magoti hayana kazi.”

Hilarión akakohoa. Uso wa Don Gualberto ukawaka, kwa aibu kwanza, kisha kwa hasira, maana aibu haikai peke yake muda mrefu.

“Kama unaogopa, Remberto haogopi. Kijana anaomba kazi kila siku. Nampigia sasa hivi, na wewe upumzike nyumbani mpaka nitakapokuita.”

Akatoka nje na simu yake.

Nicasia akakaa juu ya gurudumu. Kazi imekwenda, akawaza, na akalia kidogo, kwa sababu aliipenda, hata ile saa nane ya usiku, hata ukungu kwenye vioo. Kisha akamwona Remberto. Alimwona waziwazi kama ndoto ya alfajiri: kijana wa miaka ishirini na miwili anayepiga mluzi, haogopi kwa kuwa hajui, anashuka na mikate ya saa kumi, harufu imemlewesha, pedali inampiga teke mguuni. Akamwona na mama wa uji, meza yake iko palepale.

Akasimama. Akaivua mbeleko yake ya sufu yenye milia, akaitandika mezani.

Fundi Hilarión akageukia ukutani, akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

“Ya kushoto ndiyo mbaya zaidi,” akauambia ukuta. “Na dukani wanauza mbilimbili. Anayetaka kushuka itabidi anunue zote.”

Diski ilikuwa nzito na bado ina uvuguvugu wa kazi ya asubuhi. Nicasia akaifunika vizuri, akaitupa mgongoni, akafunga fundo kifuani. Langoni akampita Don Gualberto, simu sikioni.

“Nisalimie Zulma,” akasema yeye, bila kumtazama usoni.

“Zitafika, bosi.”

Nyuma yao gari lilibaki juu ya mawe, stika inang'aa, limeruhusiwa na serikali kwenda popote.

Kwenye kibanda cha gari la kamba walikaa wawili tu, yeye na bibi mmoja mwenye kofia nyeusi. Kamba ikawavuta, sakafu ikaachana na ukingo wa El Alto, na mara wakawa wanaelea ndani ya weupe mtupu. Hapakuwa na sauti. Chini yao, wingu lilipopasuka, ule mteremko ulionekana na kona zake zote, mwembamba, magari yakishuka moja moja. Joto la diski lilipenya kwenye sweta mpaka mgongoni. Nicasia akajikuta anajisukasuka taratibu bila kujua, mbele na nyuma, kama afanyavyo kila mwanamke aliyewahi kubeba mtoto.

Bibi akatabasamu.

“Mtoto mpole huyo. Hata kulia halii.”

“Alilia Jumanne, bibi,” akasema Nicasia. “Tukampigia makofi.”