Bibi Aliyelinunia Wingu

Onesmo alipomwita Lilian kutoka studio yake ya Bunda aende Butiama kumpiga picha mama yake, alitoa sharti moja tu: mama acheke. Bibi Yuliana alikuwa anatimiza miaka themanini, Misa ya shukrani ilikuwa Jumapili, na picha kubwa yenye fremu ingesimamishwa mbele ya wageni.

"Meno yaonekane, dada Lilian," alisema. "Yale yaliyobaki."

Kumchekesha hakukuwa kazi. Bibi alicheka akiwa kitini, akacheka akiwa mlangoni, na Lilian alipojikwaa kwenye kamba ya mbuzi akaanguka puu, bibi akacheka mpaka akashika ukuta.

Lilian alikuwa anafungasha vitu vyake wingu lilipojitokeza upande wa ziwa, jeusi kwa chini, linakuja kwa haraka. Juu ya mwamba nyuma ya nyumba, bibi alikuwa ameanika udaga wa wiki nzima, vipande vya mihogo iliyovundikwa. Akatoka mbio, akapanda mwamba, lakini badala ya kuanza kuzoa mihogo yake akasimama kwanza, mikono kiunoni, akalikazia lile wingu macho kama mtu aliyemfumania mwizi wa kuku.

"Ngoja kwanza nimalize!" akalifokea.

Lilian akapiga picha moja, akatupa kamera kwenye begi na kukimbia kumsaidia. Mvua iliwakuta na beseni la mwisho. Wakaingia jikoni wameloa chapachapa.

Kesho yake studio, Lilian alizipitia zote. Za kucheka zilikuwa nzuri, nzuri kama za mtu yeyote. Lakini ile ya mwambani ilimnyima raha. Uso ule! Shida ilikuwa rangi zilizouzunguka: kanga nyekundu, ua wa minyaa ya kijani, ndoo ya njano iliyosahauliwa pembeni. Jicho lilikimbilia ndoo kabla ya kumfikia bibi. Akaamua kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe.

Alipobonyeza mara ya kwanza alikata tamaa. Wekundu wa kanga na ukijani wa minyaa vilikuwa vimegeuka kijivu kimoja, kama uji uliopoa, na bibi amemezwa na ua wake mwenyewe. Lakini programu ya kompyuta yake ilimruhusu kuigusa kila rangi peke yake, hata kama machoni rangi hazikuonekana tena. Akaupandisha wekundu, kanga ikang'aa. Akaushusha ukijani, minyaa ikarudi nyuma kivulini. Akaishusha njano, ndoo ikafanana na jiwe. Kisha akaushusha ubluu uliojificha mawinguni, na wingu likajaa tumbo mpaka Lilian akahisi litanyesha pale mezani. Kwenye uso alikwenda taratibu, akiongeza mwanga kidogo, akipunguza, mpaka mikunjo ya paji la uso ikaonekana mmoja mmoja na macho yakawaka.

"Nimekupata, bibi," alisema, akijichekea.

Onesmo alipokuja kuchukua picha, uso ulimshuka.

"Dada, hii si kama ya tangazo la msiba? Watu wataniuliza mama amefariki lini, na mwenyewe yuko hapo anakula pilau!"

Kweli, hata yeye picha nyingi za namna ile alikuwa amezichapia misiba.

"Na ya kucheka nimeichapa pia," alisema mwishowe. "Twende nazo zote, achague mwenyewe. Hii akiikataa, nitabaki nayo mimi."

Kule Butiama, Bibi Yuliana aliitazama ya kucheka, akatikisa kichwa kwa adabu. "Nzuri. Bibi mpole kabisa huyu." Akaichukua ile ya pili, akaisogeza mbali na macho, akaikodolea. Lilian alitamani ardhi ipasuke.

"Nani alikwambia mimi nakuwaga hivi?"

"Nilikuona, bibi."

Kicheko kikamtoka hadi akakohoa. "Onesmo, njoo uone! Huyu ndiye aliyewalea nyie wote. Yule mwingine simjui, labda ni mgeni wa padri!"

Onesmo akainama akaitazama upya. Pembe za mdomo zikaanza kumcheza. "Ndivyo ulivyokuwaga mlangoni tukichelewa kurudi," alisema. "Mama, hata sasa miguu inataka kukimbia."

Kwa hiyo picha ya mwambani ndiyo iliyosimama mbele Jumapili. Hakuna aliyeuliza habari za msiba. Wageni walikuwa wanaitazama, kisha wanamtazama mwenyewe, kisha wanajirekebisha kwenye viti. Baada ya chakula kinamama wakamzunguka Lilian, kila mmoja anataka picha ya hasira. Wa kwanza alikuwa jirani, mama Adventina. Akasimama kwenye ukuta wa jikoni, akaweka mikono kiunoni, akakunja uso. Kicheko kikamponyoka. Akajaribu tena, kikamponyoka tena.

"Niitieni Clementi asimame nyuma ya kamera," alisema akifuta machozi. "Nikimwona mume wangu, sura itakuja yenyewe."

Clementi akaletwa, sahani ya pilau mkononi, mashavu yamejaa. Akamtazama mkewe, akatazama kamera, akameza.

"Nimefanya nini tena?"

Kinamama wakaangukiana kwa kicheko, mama Adventina akakaa chini kabisa, na Lilian naye akashindwa kuishika kamera sawasawa.