Aliyezaliwa Baada ya Mazishi

Karani wa ofisi ya viwanja aliziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza, akazinyoosha kwa kiganja, akasoma tena. Kushoto, cheti cha kifo cha mama. Kulia, cheti cha kuzaliwa cha mwana. Rula alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Goti la kulia lilikuwa limevimba tangu alfajiri, na kwenye benchi hapakuwa na nafasi.

"Kaka, hizi tarehe umeziona?"

"Nimeziona, dada."

"Mama kafariki. Mwaka mzima unapita, ndipo anakuzaa." Akacheka, kisha akaona Rula hacheki, akajikaza. "Samahani. Lakini niandike nini hapa? Kwamba alijifungulia kaburini?"

"Mimi ni mwanawe. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa hauna mhuri."

"Namkumbuka akiniogesha. Namkumbuka mkono wake na sabuni."

"Huwezi kumkumbuka, kaka. Kwa karatasi hizi hukuwepo."

Akamrudishia vyeti vyake na kuita mwingine. Nyumba ya marehemu, vyumba viwili na uani, ilikuwa imeshapigwa alama nyekundu ukutani. Viwanja visivyo na mrithi vilikuwa vinachukuliwa na halmashauri, na hicho cha mama yake, pamoja na vya jirani, kingekuwa uwanja wa mazoezi wa klabu. Warithi walipewa siku thelathini kujitokeza na ushahidi. Zilibaki nne. Huko nyumbani mke wa Rula alikuwa akifunga vyombo ndani ya mashuka, na kila akiulizwa alisema hahami, anapanga tu.

Klabu hiyohiyo ndiyo iliyomzaa Rula mara ya pili. Alikuwa na miaka ishirini na moja, kiungo asiyepoteza mpira, mwenye pasi zilizonyooka hadi mashabiki wakampa jina hilo. Lakini mawakala kutoka nje walitaka watoto. Mwenyekiti wa klabu akamwita ofisini pamoja na mjomba aliyemlea.

"Huyu kala chumvi nyingi," alisema. "Tumpunguzie."

Wote watatu wakacheka. Mwenyekiti akatazama kalenda ukutani, akachagua tarehe ya fainali waliyoshinda iwe siku yake ya kuzaliwa, akampunguzia miaka mitano. Cheti cha zamani akakichoma kwenye kisahani cha majivu ya sigara. Mjomba, ambaye sasa naye ni marehemu, akatia dole gumba kama mlezi wa mtoto. Hakuna aliyemfikiria mama. Rula mwenyewe hakumfikiria, na hilo linamchoma mpaka leo. Alikuwa akiwaza viatu vipya.

Akacheza na vijana misimu miwili, akinyoa ndevu asubuhi na mchana, kisha akauzwa nje. Huko alikimbia kwenye baridi ya kukata masikio, akikaba, akinyang'anya, akiwagawia wengine mipira ya kufungia mabao. Kila mwaka, tarehe ya fainali, wenzake walimkatia keki na kumwimbia, naye akapuliza mishumaa isiyo yake. Goti lilipoanza kulalamika walilichoma sindano ili acheze. Lilipokataa kabisa, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaiangalia muda mrefu, akasema hajawahi kuona goti la namna hiyo kwa mtu wa miaka ishirini na mitatu. Mkataba ukavunjwa kwa madai kwamba alificha ugonjwa. Ugonjwa hakuuficha. Alichoficha ni umri, na hicho hakuweza kukitaja. Akarudi nyumbani na begi moja.

Kutoka kwa karani alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti, ambaye siku hizi alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya viwanja.

"Naomba barua moja tu, mzee. Useme tarehe hii si yangu."

"Ni ya nani, basi?"

"Ni yako. Wewe ndiye uliyeichagua."

Mwenyekiti hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. "Mwanangu, fomu ya pasipoti ina sahihi ya nani? Umedanganya serikali mbili, yetu na ya wale. Ukitaka kusema ukweli, polisi si mbali. Nitakupeleka kwa gari langu, usilitese hilo goti."

Rula akavikunja vyeti vyake.

"Lakini mimi simtupi mchezaji wangu. Uwanja utahitaji mlinzi. Vile vyumba viwili hatutavibomoa, utakaa humo na familia yako kwa barua ya klabu. Siku ukiacha kazi, unatoka."

Mlinzi wa nyumba ya mama yake. Aliwaza vyombo vilivyofungwa ndani ya mashuka.

"Sawa, mzee," alijikuta akisema.

"Basi anza sasa hivi. Kuna kijana hapa, hana mlezi. Mtilie sahihi."

Kijana aliingia, mrefu, kifua kipana, kidevu kimetoka kunyolewa na damu kidogo imegandia shingoni. Mwenyekiti akasogeza fomu mpya mbele ya Rula. Cheti cha zamani cha kijana alikikunja mara mbili, akakilaza kwenye kisahani cha majivu.

"Ana miaka kumi na sita," alisema, na kijana akacheka. Rula alikijua kicheko hicho.

Akashika kalamu. "Mama yako yupo?"

"Alifariki, kaka."

"Ukiwa na miaka mingapi?"

Kijana alimtazama Mwenyekiti kwanza. "Miwili."

"Hapa wamekupunguzia mingapi?"

"Minne."

"Na alikuachia nini?"

"Kishamba tu. Na nyumba anayokaa bibi."

Rula akageuka. Mwenyekiti alikuwa ameshawasha kiberiti, amekishika mbali na shati lake jeupe, na moto ulikuwa ukishuka kwenye njiti.

"Tia sahihi haraka, Rula," alisema. "Kinaniunguza."